Haki ya Aliyekaa Ubavuni Mwako

Barua tuliyoiahidi kuijibu imekaa mikononi mwetu muda mrefu kuliko ilivyostahiki. Tumekawia kwa sababu mas-ala yaliyomo yalitugusa sisi wenyewe, na si jambo jepesi mtu kutoa jawabu katika shauri ambalo yeye ni mmoja wa walioshitakiwa.

Barua yenyewe imetoka Kapsoit. Aliyeiandika alikuwa akihudhuria darasa letu zamani, akikaa nyuma karibu na mlango, akisikiliza sana na akisema kidogo. Khalafu riziki ikamwita bara, akafungua duka, na baada ya miaka akanunua gari moja la abiria, hizi nissani za viti 14, akaliweka njiani baina ya Kapsoit na Kericho. Sasa amejaaliwa kutaka kwenda kuhiji. Fedha anazo. Lakini alipozihesabu aliingiwa na wasiwasi kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo ilikusanywa katika miezi ile ya ugonjwa wa korona, kwa njia anayoieleza yeye mwenyewe bila ya kujificha: aliongeza nauli kwa hoja ya kuwa serikali imempunguzia viti, kisha viti akavijaza, na nauli asiipunguze. Auliza mambo mawili. La kwanza, je, fedha hizi zafaa kwa Hija? La pili, na hili ameliandika kwa mkono usiotulia, je, ikiwa katika wale aliowabananisha yuko aliyepata maradhi humo garini na akafa, yeye ana hukumu gani mbele ya Mola wake?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa, au Lamu, au Malindi, akasema: Kapsoit ni wapi, na sisi yatuhusu nini? Kapsoit ni mji mdogo wa biashara katika kaunti ya Kericho, katika njia kuu iendayo Kisumu, mahali inapochepuka njia ya Sondu. Waislamu huko ni wachache. Lakini chai uinywayo asubuhi pamoja na mahamri yamkini imetoka kwenye vilima vya Kericho na Bomet, ikateremshwa kwa malori mpaka kwenye maghala yetu, kwani mnada wa chai ulihamishiwa Mombasa tangu mwaka 1969. Njia ni moja. Na yatupasa tukumbuke kuwa mwaka 1918 homa kubwa ya dunia iliingilia bandarini kwetu na ikapanda bara kwa gari la moshi. Kwa hivyo khabari za magari ya Kapsoit ni khabari zetu, na mwenye gari huko hana tofauti na wenye magari walioko hapa, ambao baadhi yao twasimama nao swafu moja.

Kabla ya kujibu, hapana budi tukumbushe jinsi mambo yalivyokuwa, maana watu ni wepesi wa kusahau.

Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki moja baadaye ikatoka amri juu ya magari ya abiria: gari la viti 14 lichukue watu 8, la viti 25 lichukue 15, na makubwa zaidi yasipite sehemu 60 katika 100. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza, hapa kwetu kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakitoka kazini walipigwa na kutiwa moshi wa kutoa machozi hali wamesimama wakingoja feri iwavushe makwao, na kosa lao ni kuwa foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa linakuchwa. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Gari la moshi la abiria la Nairobi likasimama mpaka mwezi wa Julai. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake ndani ya Mombasa iliyofungwa, ukawa kama chumba kilichotiwa kufuli ndani ya nyumba iliyotiwa kufuli, hata mwezi wa Juni. Na sisi tulio wengi wetu ni wa mitaa hiyo twakumbuka jinsi mtu alivyokuwa akimwamkia mamake kwa mbali, yeye yuko upande huu wa kizuizi na mama yuko upande wa pili.

Mwendo wa watu mjini ukageuka. Mtu aliyezoea kupanda matatu kutoka Kongowea mpaka Marikiti akajifunza kwenda kwa miguu. Mwenye baiskeli iliyokuwa na kutu akaitoa stoo. Bodaboda, ambazo zamani zilichukua baba, mama na mtoto katikati, zikaamrishwa abiria mmoja tu. Kafyu ikawafanya watu wote watake kurudi nyumbani saa moja, na kwa hivyo msongamano uliotawanyika zamani katika saa sita za jioni ukasukumwa ndani ya saa mbili. Hili ni jambo la kuzingatiwa: amri iliyowekwa ili watu wasikaribiane iliwafanya, katika saa zile, wakaribiane zaidi. Hatusemi kwamba amri ilikuwa batili. Twasema kuwa mzigo wake uliwaangukia wale wasiokuwa na gari lao wenyewe. Hata serikali iliona dhiki ya Likoni, ikajenga daraja la kuelea la wendao kwa miguu kutoka Liwatoni, nalo likafunguliwa mwezi wa Januari 2021. Yaani ugonjwa ulifanya mahali pale kwa miezi michache lile ambalo malalamiko ya watu wa Likoni hayakulifanya kwa miaka mingi.

Huko Kericho na Bomet hali ilikuwa na sura yake. Jani la chai halikufungiwa. Malori ya mizigo yalipita mchana na usiku wa kafyu kwa ruhusa, ilhali mchumaji wa jani lile lile alitakiwa awe amefika kwake saa moja. Madereva wa malori ya masafa marefu, waliotoka bandarini kwetu kwenda Uganda na kwingineko, walipimwa mipakani wakangoja siku nyingi katika misururu, na kwa watu wengi wakawa kama wenye ukoma. Mahali pengine walinyimwa hata chakula na pa kulala. Khalafu mwaka 2021, ile aina ya ugonjwa iitwayo Delta ikiwa imekwishaonekana Kisumu tangu mwezi wa Mei, serikali ilitangaza tarehe 18 Juni kuwa kaunti 13 za upande wa Ziwa na magharibi ni eneo la khatari. Katika hizo zilikuwamo Kericho na Bomet. Kafyu yao ikarudishwa saa moja jioni, na watu wakaonywa vikali wasiingie wala wasitoke katika eneo hilo, mpaka mwisho wa Julai. Siku hizo ndizo azitajazo ndugu yetu zaidi katika barua yake, kwa sababu ndizo zilizompa faida kubwa. Amri ya kupunguza viti haikuondolewa ila tarehe 9 Agosti 2021, ambayo ni karibu miezi 17 tangu kuanza kwake.

Sasa tuingie katika dini.

Walikuwako watu, na wengine wao ni wenye vilemba, waliosema siku zile kwamba mwenye imani haogopi ugonjwa, na kwamba kuacha kiti wazi baina ya mtu na mtu ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hawa hawakusoma, au walisoma wakasahau. Mwaka 18 wa Hijra, Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Shamu alifika mahali paitwapo Sargh, wakamjia makamanda wake na khabari ya tauni iliyozuka huko, ile ijulikanayo kwa jina la Amwas. Akawataka shauri Muhajirina wakakhitalifiana, akawataka Ansari wakakhitalifiana, akawaita wazee wa Kikureshi wakawa na neno moja: turudi. Akaazimia kurudi. Abu Ubayda (R.A.), naye ni katika wabora wa Masahaba, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari ya Mungu akienda katika kadari ya Mungu vile vile, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye mabonde mawili mbele yake, moja lina malisho na moja kame, kuwa lo lote atakalolichagua amelichunga kwa kadari. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.), ambayo maana yake ni kwamba tauni ikiwa katika nchi, aliye nje asiiendee, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akageuza ngamia wake.

Na Abu Ubayda alikufa kwa tauni ile, na Muadh bin Jabal akafa. Uongozi ukaja kwa Amr bin al-As, naye akawaamrisha watu watawanyike milimani, ugonjwa ukatulia.

Kadhalika Imamu Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimchukulia mabinti zake, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kiitwacho Badhl al-Ma'un. Humo aeleza kuwa Misri mwaka 833 watu walifunga siku tatu, khalafu wakatoka wote kwenda jangwani kuomba dua kwa pamoja. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika 40. Waliporudi idadi ikapanda, na mwezi haukwisha ila imepita 1000 kwa siku. Basi huyu ni imamu wa hadithi, si daktari wa Kizungu, naye hakuona haya kuandika aliyoyaona kwa macho. Dua ni ibada, lakini mkusanyiko ni mkusanyiko.

Ipo hali nyingine ya safari inayotakiwa itajwe, ingawa kwa ufupi kwa sababu inaudhi. Mji ulipofungwa, walikuwako waliotoroka usiku. Mwezi wa Aprili 2020 walikamatwa watu Homa Bay waliotoka Nairobi na jeneza ndani ya gari, wakiwaambia askari njiani kuwa wanapeleka maiti kuzikwa, na jeneza lilikuwa tupu. Mmoja wao alipopimwa akaonekana anao ugonjwa. Wenye kucheka walicheka. Sisi twaona kuwa katika jeneza lile tupu mlikuwa na mzee wa kijijini ambaye bado hajafa. Na Mtume (S.A.W.) alipokataza kutoka katika nchi ya tauni kwa kuikimbia hakumkataza mtu kuiokoa nafsi yake, alimhifadhi yule asiyekuwa na khabari, aliyeko mwisho wa safari.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametaja watu wa kutendewa wema: wazazi, jamaa, mayatima, masikini, jirani wa karibu, jirani wa mbali, kisha akamtaja mwenzi aliye ubavuni. Wafasiri wamemweleza huyu kwa njia mbalimbali. Wengine wamesema ni mke, na wengine wamesema ni mwenzako wa safari. Tazama, ndugu msomaji, jinsi Qur'ani ilivyomtia mtu usiyemjua jina, ambaye utakaa naye nusu saa na asikuone tena mpaka Siku ya Kiyama, katika msafara mmoja na baba yako na mama yako. Huyo ana haki. Yule mama aliyebeba kikapu cha mboga, ambaye bega lake linagusa bega lako tokea Kapsoit mpaka Kericho, au tokea Mwembe Tayari mpaka Mtwapa, ana haki juu yako: umfungulie dirisha, usimkoholee usoni, na ikiwa wajijua u mgonjwa, usipande. Haki hii haikuletwa na korona. Ilikuwapo, na sisi tulikuwa tukiikalia.

Na ikiwa abiria ana haki hizi juu ya abiria mwenziwe asiyechukua senti yake, seuze juu ya mwenye gari aliyepokea ujira!

Tuje kwenye hisabu. Tuchukue mfano wa nauli ya shilingi 50. Gari la viti 14 likijaa huleta 700. Likiruhusiwa watu 8 kwa nauli ile ile huleta 400, na petroli haikupungua, wala mshahara wa dereva na utingo, wala bima. Basi mwenye gari akisema: nitatoza 90 nipate 720, hatuna la kumlaumu. Bei zilipopanda Madina, watu walimtaka Mtume (S.A.W.) awawekee bei, naye akakataa kwa kukhofu asije akamdhulumu mtu. Kwa hivyo kupandisha nauli peke yake si dhambi, bora kusiwe na tamaa ya kuwanyonya wenye dhiki. Huyo abiria aliyetoa 90 alinunua vitu viwili: alinunua kiti chake, na alinunua uwazi ulio ubavuni mwake. Ile ziada ya 40 ni thamani ya uwazi.

Lakini gari lilipopita kizuizi cha polisi, utingo akafungua mlango akatia mtu katika uwazi ule, na huyo naye akatoa 90. Basi abiria wa kwanza amelipia kitu ambacho hakupewa, na wa pili amelipia kitu kisichoweza kuwapo. Watu 14 kwa 90 ni 1260, na haki ya mwenye gari, ikiwa amewabeba 14, ni 700. Hiyo 560 ina jina katika Qur'ani, nalo ni kula mali ya watu kwa batili. Na walio mjini Mombasa wasione kuwa twawasema watu wa bara. Mchezo huu tuliuona Nyali, tuliuona Changamwe, tuliuona Ukunda. Nasi tulikuwamo ndani ya magari hayo. Tulitoa nauli, tukabanana, tukanyamaza, na mmoja wetu siku moja alimnong'onea mwenziwe aya ya kuamrishana mema, akaogopa kuisema kwa sauti utingo asije akamteremsha njiani nayo kafyu iko karibu.

Ndugu yetu ameleta nyudhuru tatu katika barua yake, na ameuliza kama zafaa.

Udhuru wa kwanza ni kuwa abiria waliridhia, kwa sababu hakuna aliyepandishwa kwa nguvu. Twajibu: ridhaa ya biashara ni ya mtu mwenye njia ya kukataa. Mama aliyesimama kandokando ya njia saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na mvua ya Kericho inanyesha, na saa moja askari atamkamata, huyo haridhii, analazimika. Kunyamaza kwake si sahihi ya mkataba.

Udhuru wa pili ni kuwa fedha nyingine alizitoa njiani kwa wenye kumzuia, ili wasiulize gari lina watu wangapi. Huu si udhuru bali ni dhambi ya pili juu ya dhambi ya kwanza, na aliyetoa na aliyepokea wamo katika laana moja. Hawezi mtu kupunguza katika deni la watu kile alichokitoa rushwa ili awadhulumu watu hao hao.

Udhuru wa tatu una uzito, nao ni kuwa dereva na utingo walikuwa wakifanya hayo yeye yuko dukani, yeye hupokea hesabu ya jioni tu. Ni kweli kwamba mtu habebi mzigo wa mwenziwe. Lakini tumemuuliza kwa barua: hesabu ya jioni ulikuwa umeipanga kiasi gani? Naye ametujibu kwa ukweli, Mungu amlipe, ya kuwa aliiacha pale pale ilipokuwa kabla ya ugonjwa, na baadaye akaiongeza. Basi aliyemwambia dereva alete fedha za viti 14 na zaidi, naye ajua kuwa vilivyoruhusiwa ni 8, amemwamrisha ajaze hata kama hakutamka. Wenye magari wengi husema utingo ndiye mwizi. Utingo ni kijana wa miaka ishirini aliyening'inia mlangoni kwa mshahara wa siku, na wizi wake umeandikwa katika daftari ya tajiri wake.

Sasa Hija. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika anayehiji kwa mali ya haramu. Wengi, na katika wao ni watu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wamesema faradhi imemwondokea lakini ana dhambi, na thawabu hana tamaa nayo. Na kwa Imamu Ahmad imepokewa kuwa Hija hiyo haisihi kabisa. Mtu mwenye akili hasafiri masafa yale, akaacha watoto wake, kwa jambo ambalo bora ya kauli zake ni hiyo. Lakini pia hatumwambii kuwa mali yake yote ni haramu. Imamu Ghazali katika Ihya amelifafanua jambo la mali iliyochanganyika: hutolewa kiasi cha haramu, na kilichobaki ni halali yake. Na katika jambo hili Mwenyezi Mungu alimpa muhula pasipo yeye kujua. Umra ilisimamishwa kwa wageni tangu mwisho wa Februari 2020. Hija ya mwaka huo ilikuwa ya watu wachache waliokuwamo ndani ya Saudia. Ya 2021 ilikuwa ya watu 60,000, nao ni wakaazi wa huko. Mpaka 2022 ndipo wageni wakaruhusiwa tena. Laiti mlango ungekuwa wazi katika miezi ile angalikwenda na fedha zenyewe mkononi, zingali moto.

Njia ni hii. Kutubia kwa Mungu katika haki za watu hakutimii ila kwa kurudisha. Na achukue daftari zake za miezi ile, akisie safari zilizojazwa, na akiwa na shaka baina ya kiasi kidogo na kikubwa achukue kikubwa. Kisha atazame awajuao. Gari la Kapsoit si meli ya Bombay. Abiria wake wa kila siku anawajua kwa sura na wengi kwa majina. Hao awaendee awape chao, na aliyekufa wapewe warithi wake. Wasiojulikana, na hao ndio wengi, atoe sadaka kwa niaba yao, thawabu ziwe zao. Haidhuru wakiwa si Waislamu, na aghlabu yao huko si Waislamu. Deni halina dini. Na atakayetokea baadaye akadai, asimwambie kuwa amekwisha kumtolea sadaka, bali amlipe.

Limebaki swali la pili. Tumekaa nalo vikao viwili, na haya ndiyo tuliyoafikiana. Asili ya dhima ni kuwa safi mpaka ipatikane yakini. Ugonjwa ule mtu aliweza kuupata sokoni, au matangani, au kwa mwanawe mwenyewe, na hapana awezaye kusema kuwa fulani aliupata katika kiti fulani siku fulani. Basi diya haiwajibiki kwa dhana, na hatumwiti muuaji, wala na yeye asijiite. Lakini hatukuweza kumwandikia kuwa hana neno. Aliambiwa na watu wenye ujuzi kuwa kubanana kwaua, akabananisha kwa ajili ya fedha. Hilo ni kosa lililokamilika siku ile ile, awe amekufa mtu au asife. Tulimwandikia maneno hayo kama yalivyo.

Ametujibu mwezi uliopita. Ameandika kuwa aliiuza ile gari, na kwamba katika abiria anaowajua amewafikia 31. Wengine walicheka wakakataa kupokea, akawabembeleza. Mwalimu mmoja wa skuli alimhesabia safari zake mwenyewe, zikawa nyingi kuliko zilizomo katika daftari, akamlipa zote. Alikwenda pia kwa mjane wa mzee mmoja aliyekuwa akipanda kila Jumatatu kwenda hospitali Kericho, naye alifariki mwaka ule wa 2021. Yule mama alizipokea fedha, akauliza ni za nini, akaelezwa, akanyamaza kidogo. Kisha akamuuliza kama anakumbuka siku hizo mumewe alikuwa akikaa kiti gani. Ndugu yetu hakujua, kwa kuwa yeye alikuwa dukani. Akaenda kumtafuta yule utingo wa zamani, ambaye sasa anaendesha bodaboda Sondu, ili amuulize.